Tarumbeta Nyeupe Isiyozaa

Kwenye njia inayopanda kutoka mjini Lushoto hadi nyumbani kwetu, karibu kila nyumba ya tatu ina mti wenye maua meupe marefu yanayoning'inia kichwa chini, ambao wengine huuita mti wa tarumbeta na wengine mti wa kengele. Nimeuona tangu utotoni, na kama watoto wote wa huku nilikatazwa kuuchezea. Hata hivyo ilinichukua zaidi ya miaka arobaini kujiuliza swali ambalo mtoto wa mkulima alipaswa kujiuliza mapema zaidi: mti huu huchanua kwa mikupuo mara nne au tano kwa mwaka, na mkupuo mmoja unaweza kuwa na maua zaidi ya mia, mbona sijawahi kuuona na tunda?

Maua yenyewe hukaa siku nne au tano, hulegea kama kitambaa kilicholowa, kisha huanguka pamoja na vikonyo vyake, na mti hubaki na majani matupu. Aliyeutaka alikata tawi wakati wa masika, akalichomeka kwenye udongo wenye unyevu, likachipua. Bibi yangu mzaa mama aliupata wake kwa njia hiyo, mama akakata kwa bibi, nami nikakata kwa mama siku nilipomaliza kujenga.

Nilipoanza kuutafutia mbegu nilichukua chavua ya ua moja nikaipaka kwenye ua jingine la mti huohuo, likaanguka. Nikavuka bonde nikaomba ua kwa jirani, likaanguka. Nikaenda hadi upande wa Magamba, ambako niliamini kuna mti wa asili tofauti kwa sababu ulikuwa mkubwa kuliko yote niliyoijua, na ua nililolipaka chavua ya huko nalo likaanguka siku ya tano. Sababu niliisoma baadaye. Mimea hii, ambayo wataalamu huiweka katika jenasi, yaani kundi la spishi zilizo karibu, ya Brugmansia, hukataa chavua yake yenyewe, isipokuwa spishi moja tu, Brugmansia arborea, ambayo huweza kujizalisha. Kwa kuwa kipandikizi ni mmea uleule uliohamishwa mahali, miti yote niliyokuwa nikiipita, ya jirani, ya shuleni na ya karibu na msikiti, kwa kila dalili ilikuwa mti mmoja uliokatwakatwa na kugawiwa watu, na mti hauwezi kujioa.

Jambo hili si la Lushoto peke yake. Spishi za Brugmansia ni saba, zote asili yake ni Amerika ya Kusini: nyingi zimetoka kwenye milima ya Andes, na moja, Brugmansia suaveolens, imetoka kusini-mashariki mwa Brazili. Shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, IUCN, limeziorodhesha zote saba kuwa zimetoweka katika hali ya mwituni. Kwa maneno mengine, mmea ambao huku tunauona kama wa kuziba pengo la uzio umebaki duniani kwa sababu watu wameendelea kuukata, kuuchomeka na kupeana.

Bibi hakuwahi kuuita tarumbeta. Aliuita mnanaha mkubwa, akiufananisha na ule mnanaha mfupi wenye matunda ya miiba unaoota kwenye majalala, na nilipokuwa mdogo nilidhani anakosea. Kumbe alikuwa na wenzake wakubwa. Mwaka 1753 Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, naye aliuweka mti wa jamii hii katika kundi moja na mnanaha, akauita Datura arborea, na haukutengwa mpaka mwaka 1805, mtaalamu mwingine wa mimea, Persoon, alipoupa jina la Brugmansia kwa heshima ya msomi wa Uholanzi aliyeitwa Sebald Justinus Brugmans. Tofauti zinaonekana kwa macho: mnanaha ni mmea wa muda mfupi, ua lake hutazama juu na tunda lake la miiba hupasuka lenyewe, ilhali tarumbeta ni mti wa miaka mingi, ua lake hutazama chini, na tunda lake ni laini na halipasuki. Lakini bibi hakuwahi kuona tunda hilo, hivyo simlaumu.

Kabla ya kutafuta mchumba ilinibidi kwanza nimjue bibi harusi mwenyewe. Nilichukua ua moja, nikalipasua kwa wembe kuanzia kwenye kikonyo hadi mdomoni, nikalitandaza juu ya gazeti. Ndani yake mlikuwa na nyuzi tano, na vifuko vya chavua kwenye ncha za nyuzi hizo vilikuwa vimegandana kwa pamoja kama nywele za brashi ndogo, na stigma, yaani sehemu ya kike inayopokea chavua, ikipita katikati yake. Kugandana huko ndiko kunakotambulisha suaveolens, kwani kwenye Brugmansia aurea na Brugmansia versicolor vifuko hivyo huwa vimeachana, kila kimoja kwenye uzi wake. Tangu siku hiyo nimekuwa na tabia ya kupasua maua ya watu ninapowatembelea, na baadhi yao wameanza kunificha wembe.

Mchumba nilimpata Arusha, kwenye kitalu kimoja cha kando ya barabara, ambako niliuziwa pingili moja yenye urefu wa shubiri mbili kwa maelezo kwamba ua lake ni jekundu kama damu. Lilipochanua mwaka uliofuata lilikuwa na rangi ya tunda la pichi iliyofifia, ikianza karibu nyeupe siku ya kwanza na kukolea kufikia siku ya tatu. Nilikasirika kwa muda wa wiki moja hivi, halafu nikashukuru, kwa sababu kama kweli lingekuwa lile jekundu ningepoteza miaka. Tarumbeta nyekundu halisi ni Brugmansia sanguinea, ya nyanda za juu za Andes zenye baridi. Hiyo pamoja na arborea na vulcanicola ni kundi la baridi. Suaveolens, aurea, versicolor na insignis ni kundi la joto. Na makundi haya mawili hayakubali kuchanganyika. Ndani ya kundi lake kila spishi huoana na nyingine bila shida kubwa, ila kutoka kundi moja kwenda jingine chavua hupakwa bure. Sanguinea haina hata harufu, kwa kuwa huko kwao inachavushwa na ndege wavumaji wanaokuja mchana na hawahitaji kuitwa kwa manukato. Mimi nilianza kazi hii kwa ajili ya harufu, hivyo wekundu wake singeuonea wivu kwa muda mrefu.

Ua la pichi nalo nililipasua. Vifuko vilikuwa vimeachana, na ala ya kijani inayoshika ua ilikuwa imechanika upande mmoja tu, badala ya kugawanyika kuwa meno kama ile ya kwangu nyeupe. Dalili hizi zinaelekea kwenye Brugmansia × candida, yaani chotara wa aurea na versicolor. Mchumba basi alikuwa tayari ni chotara, jambo ambalo mfugaji yeyote wa kuku atakueleza maana yake: watoto hawatafanana.

Kazi yenyewe hufanyika jioni. Ua la tarumbeta hutoa harufu kuanzia giza linapoingia, na hapa kwetu adhana ya magharibi inaposikika kutoka bondeni ndipo upepo wa kwanza wenye manukato unapopita dirishani. Wakati huo ua lililokomaa linafunguka kwa mara ya kwanza, ncha zake tano zilizokuwa zimesokotwa zikijikunjua moja baada ya nyingine. Ukisubiri lifunguke kabisa umechelewa, kwa sababu vifuko vya chavua vitakuwa vimekwisha kupasuka. Mimi huchagua tumba ambalo limeshavimba na kupauka, lililobakiza saa chache kufunguka. Nalichana ubavuni kwa wembe uliofutwa kwa spiriti, naondoa nyuzi zote tano kwa kibano, kisha naiacha stigma imesimama peke yake. Inapokuwa tayari huwa na unyevu unaong'aa kidogo ukiimulika kwa tochi. Chavua ya baba naichukua kwenye ua lililofunguka jioni hiyohiyo, naishikilia nyuzi yake kwa kibano na kuisugua kifuko chake juu ya stigma taratibu, mpaka ule unga mweupe uonekane umeshika. Naifunga stigma kwa kipande cha chandarua kikuukuu, na kwenye kikonyo nafunga uzi wa rangi pamoja na kibandiko cha plastiki nilichokata kwenye ndoo ya rangi, kilichoandikwa kwa penseli: mama kwanza, baba baadaye, tarehe. Wino wa kalamu unafutika masika ya kwanza. Nilijifunza hilo kwa kupoteza kumbukumbu za msimu mzima.

Wapo wanaosema chandarua hakina haja, kwa kuwa stigma iliyokwisha kupokea chavua haina hamu ya nyingine. Mimi siwaamini, kwa sababu nimekaa barazani usiku nikawaona nondo wakubwa, wale wenye mwili kama kidole gumba na ulimi mrefu uliokunjwa, wakielea mbele ya maua na kuingiza ulimi bila kutua. Tangu mti wa pichi uanze kuchanua, mti wangu mweupe umeshika matunda mawili ambayo sikuyahusika nayo hata kidogo. Mchana huja ndege chozi, ila huyo ni mwizi tu. Hutoboa ua pembeni karibu na kikonyo, anakunywa utamu, na chavua haigusi.

Mwaka huo wa kwanza nilipaka maua matano wakati wa vuli. Mawili yalianguka katika wiki ya kwanza, na matatu yaliangusha ua lakini kikonyo kikabaki, kikaanza kunenepa. Sijui kama kuna aliyewahi kulitazama tunda la tarumbeta kwa hamu niliyokuwa nayo mimi. Ni la kijani, refu kama sindano kubwa ya kushonea magunia iliyovimba katikati, na halina uzuri wowote. Moja lilipukutika mwezi wa tatu, baada ya mvua ya mawe. Mawili yaliyobaki yalikaa mtini karibu miezi sita, mpaka rangi ikaanza kugeuka njano na kikonyo kikalegea chenyewe.

Ndani ya matunda hayo mawili nilihesabu mbegu 74. Kila mbegu imevaa koti nene la kahawia, jepesi kama kizibo cha chupa, na mbegu yenyewe ni ndogo sana ndani ya koti hilo. Nusu niliziloweka usiku mmoja kisha nikazimenya makoti kwa kucha, na nusu nilizipanda na makoti yake. Zilizomenywa ziliota kuanzia siku ya kumi na nane, zile nyingine zilisuasua hadi wiki ya sita na kadhaa zikaoza. Kumenya kunachosha vidole na kunahitaji miwani, lakini nimeshaamua kwamba sitapanda tena mbegu iliyovaa koti. Nilizipanda kwenye trei yenye mchanga na mboji nusu kwa nusu, nikaiweka karibu na ukuta wa jikoni kwa sababu kipupwe cha Lushoto kinapenya hadi kwenye mizizi, na miche ilipofikisha majani manne niliihamishia kwenye viriba.

Ilibaki miche 41. Hapo ndipo subira inapopimwa, kwa maana mche wa tarumbeta hauchanui mpaka shina lake ligawanyike. Hukua kama fimbo moja iliyonyooka, unafika kiunoni, unafika begani, halafu siku moja ncha inajigawa mara mbili kama manati, na ua la kwanza hutokea palepale kwenye panda. Wengi hapa hulalamika kwamba kipandikizi chao kilikaa miaka miwili bila ua, na sababu ni kwamba walikata sehemu ya chini ya panda, ambayo bado ina tabia za utoto na inalazimika kukua upya hadi igawanyike. Ukikata juu ya panda, kipandikizi huchanua mapema na mti hubaki mfupi. Majani nayo yanasema: ya juu ya panda yana kitako kisicholingana, upande mmoja ukishuka chini ya mwingine.

Katika miezi hiyo ya kungoja ndipo nilipopata ajali yangu. Nilikuwa nikipogoa mti wa mama bila glavu, jasho likaniingia jichoni, nikalifuta kwa mkono. Sikuhisi maumivu yoyote. Baada ya saa moja hivi mke wangu aliniletea chai, akanitazama, akaweka kikombe chini. "Baba watoto, hebu geukia mwangaza," akasema. Mboni ya jicho langu la kushoto ilikuwa imefunguka karibu yote, nyeusi tupu, na ya kulia ilikuwa ya kawaida. Alidhani ni kiharusi, nami nikaanza kudhani hivyo hivyo, na kwenye zahanati niliulizwa mara tatu kama nimeanguka au nimepigwa kichwani. Ni mpaka niliposhika majani yaliyokuwa yameganda kwenye shati langu ndipo nilipokumbuka. Mti huu wote, kuanzia mzizi hadi mbegu, una sumu za skopolamini, hiosiamini na atropini, na atropini ndiyo dawa ileile ambayo matabibu wa macho huitumia kupanua mboni. Ilichukua siku tatu jicho kurudi, na siku hizo zote sikuweza kusoma hata kibandiko changu mwenyewe.

Kwa aliyeingiwa jichoni hayo ni mambo madogo. Kwa aliyekula ni hatari ya kufa, mtu au mnyama. Huku kwetu ng'ombe hufugwa bandani na kukatiwa majani, na kijana anayekata majani ya ng'ombe kandokando ya uzio wakati wa jioni hatofautishi tawi moja na jingine. Ndiyo maana matawi ninayopogoa huyafukia shimoni siku hiyohiyo, siyaachi njiani hata kwa saa moja, na wajukuu wameelezwa kwa lugha isiyo na mzaha. Anayetaka kipandikizi kwangu husikiliza kwanza habari ya jicho langu.

Utunzaji wake sina mengi ya kusema. Ni mlafi: debe la samadi iliyooza kila mwanzo wa mvua kwa mti mmoja, matandazo manene, na wakati wa kiangazi maji kila siku, la sivyo majani hulala chini kufikia saa saba mchana. Utitiri humshambulia wakati wa ukavu, vidukari wakati wa majani machanga. Vidukari ndio ninaowachukia zaidi, kwani hubeba virusi, na tarumbeta ni ndugu wa nyanya, viazi mviringo, bilinganya na tumbaku, hivyo ugonjwa unaweza kuvuka uzio kwenda shambani au kutoka shambani kuja bustanini. Katika mji unaoishi kwa mbogamboga hili si jambo la kupuuza. Mche wenye majani ya madoadoa ya njano yaliyojikunja sinyunyizii dawa yoyote. Naung'oa, naufukia, na wembe naufuta kwa spiriti kabla haujagusa mmea mwingine.

Ua la kwanza kati ya miche yangu lilifunguka miezi kumi na tano baada ya kupanda, na lilikuwa jeupe. La pili lilikuwa jeupe pia. Nakiri kwamba nililala vibaya. La tatu likaja na manjano hafifu kooni, la nne lilikuwa na pichi nzuri sana lakini limekunjamana kama shati lisilopigwa pasi, na kufikia mwisho wa masika miche 33 ilikuwa imechanua, hakuna miwili iliyofanana. Katika vitabu mchanganyiko wa aina hii, wenye damu ya aurea, versicolor na suaveolens, huitwa Brugmansia × cubensis, lakini jina hilo ni kama kusema "watu wa ukoo fulani"; halikuambii nani ni mrefu na nani ana kigugumizi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na marafiki zangu wapenda maua, ambao kila mche kwao ni mtoto na hautupwi. Mimi niling'oa 28. Ua jeupe la kawaida tunalo tayari katika kila kona ya Lushoto, na kuongeza jeupe jingine dhaifu kuliko la bibi ni kuchafua bustani. Niliangalia mambo matatu: kama ua linaning'inia sawasawa bila kujificha ndani ya majani, kama linastahimili mvua ya usiku bila kuchanika, na kama harufu yake inafika barazani. Rangi niliiweka mwisho. Mmoja kati ya niliyoing'oa bado unanisumbua moyoni. Ulikuwa na majani membamba kama ya mchaichai na ua lililopasuka hadi kitakoni, nami nikauona kilema. Baadaye nikasoma kwamba katika bonde la Sibundoy, nchini Kolombia, wenyeji wametunza kwa vipandikizi mmea wa namna hiyo hasa, wenye majani membamba na ua lililochanika, na mwaka 1955 mtaalamu Schultes aliuona wa ajabu kiasi cha kuuundia jenasi yake, Methysticodendron, kabla ya wengine kuurudisha kwenye Brugmansia. Wangu uliishia shimoni pamoja na magugu.

Kati ya ile 33 iliyochanua, mitano imebaki. Ninaoupenda ni namba 11, wenye ua la pichi linalofunguka likiwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa chai, lenye mdomo mpana, vifuko vyake vikiwa vimegandana nusu tu, vitatu pamoja na viwili mbali, kana kwamba haujaamua kufuata upande wa nani. Vuli iliyopita niliurudisha kwa mama yake mweupe, na kwa mara ya kwanza nikaupaka pia chavua ya ndugu yake namba 30, ambao una manjano ya kweli. Kwa mama limeshika tunda moja, kwa ndugu mawili. Kwa hesabu ya kibandiko yatakomaa mwezi wa tano, na nimeshamwomba jirani wa ng'ambo ya bonde aniachie trei zake mbili za miche ya kabichi akishamaliza kuzitumia.